Kitabu cha Mahameli ya Kijani

Fundi hakuwa na subira na kitu kilicho uchi. Kochi lisilo na kitambaa lilimkera, na hilo tumwachie, maana kuvisha makochi ya watu ndiyo kazi iliyomlisha tangu ujana. Lakini bwana huyu alikuwa akirudi nyumbani na mabaki ya vitambaa mfukoni, na kabla hajanawa mikono ameshaanza kutupa macho huku na huku akitafuta cha kuvisha. Redio ilikuwa na koti. Kopo la chumvi lilikuwa na koti. Chupa ya chai ilivaa vizuri kuliko baadhi ya majirani. Mkewe aliwahi kumwambia kwamba anaogopa kusinzia kwenye kiti asije akaamka ameshonewa ukosi.

Vilivyofaidi zaidi ni vitabu. Mke alikuwa na rafu nzima pale jikoni, na Fundi alivivisha kimoja baada ya kingine: hiki reksini nyeusi, kile kitani cha mistari, kingine pamba ya maua iliyobaki kwenye viti vya bibi harusi fulani. Vilikaa vizuri, pembe zimekunjwa na gundi haionekani. Mwishowe hata majina ya vitabu yakasahaulika. Mke alikuwa akisema tu, "Nipe kile cha maua," au, "Umekiweka wapi kile cha mistari?" Na kile walichokuwa wakikisoma msimu huo kilikuwa cha mahameli ya kijani.

Nasema walichokuwa wakikisoma, wote wawili, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Fundi akipika, mkewe husoma kwa sauti. Hakuna kupika bila kusoma wala kusoma bila kupika. Mke alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na kila jioni kabla ya taa kuzimwa aliwasomea wasichana wake. Wale wasichana, ambao leo ni mama za watu, bado wanasimulia kwamba umeme ulikuwa ukikatika katikati ya kisa na matroni hakatiki.

Haikuwa hivyo siku zote. Binti yao wa mwisho alipoolewa, nyumba ilipoa. Hawakugombana, maana hata ugomvi una maneno yake. Fundi alikuwa akipika, kwa sababu kupika kulimpumzisha baada ya kutwa nzima ya kung'oa pini, na redio ikimpigia kelele za mpira sikioni. Mke alisoma chumbani, mlango umerudishwa. Wakikutana mezani, anayeongea ni redio. Hali iliendelea hivyo mpaka jioni moja betri zilipoisha, na Fundi akiwa anamenya viazi akamsikia mkewe anacheka peke yake chumbani. Akapaza sauti kumuuliza kinachomchekesha. Mke akaja na kitabu, akasimama mlangoni, akamsomea. Kisha akavuta kiti. Tangu hapo kiti kile hakikuondoka jikoni, na betri hazikununuliwa.

Sasa kile cha mahameli ya kijani kilikuwa kinamhusu mama mmoja mjane mwenye nyumba ya wageni, wao wakamwita Mama Wageni, na shemeji yake mwenye roho mbaya aliyetaka nyumba iuzwe. Mambo yalikuwa yanakwenda hivi hivi, yule mama analia, shemeji anatisha, mpaka alipotokea mpishi. Alikuja kama mgeni, sufuria mgongoni, akaomba chumba, akaishia jikoni. Fundi alimpenda mpishi yule kupita kiasi. Alikuwa mtu wa kuonja mara tatu kitu kilichokwisha kuiva, mtu wa kuzungumza na vitunguu, mkaidi, mwenye maneno yake, lakini Mama Wageni akiwa na huzuni anajua kumwekea bakuli mbele na kunyamaza.

Karakana nzima ilikifahamu kisa hicho. Karakana nzima maana yake ni Fundi na mwenzake, kijana mmoja aliyeitwa Gundi kwa sababu akishika jambo haliachi. Kila asubuhi, kabla hata ya kufungua mfuko wa misumari, Gundi anauliza, "Haya kaka, mpishi jana kafanyaje?" Na Fundi anasimulia huku anavuta kitambaa, akitia chumvi kidogo pale anapoona panahitaji.

Ikatokea kwamba mahameli ya kijani yalibaki. Kipande kizuri tu, na Fundi hakuwa na nguvu ya kukitupa. Akakileta nyumbani. Vitabu vyote vya hadithi vilikwisha vaa, ila kulikuwa na kitabu kimoja kinene kilichokuja na pampu ya maji, cha maelekezo, kimelala rafuni na jalada lake la karatasi limechanika kwa aibu. Fundi akakionea huruma. Akakivisha, akakirudisha rafuni, akajipongeza, akaenda kuoga. Hana hili wala lile.

Jioni ya siku iliyofuata alikuwa na supu ya mifupa jikoni. Karoti zimeingia, viazi vinaanza kulainika, madirisha yamefanya ukungu. Mke amekaa kwenye kiti chake, kitabu mapajani, anasoma kwa sauti ile ya bweni. Shemeji amekuja na watu wa kupima kuta, Mama Wageni amesimama ngazini, na mpishi ametoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani kati yao hajala. Fundi alihitaji chumvi. Kopo lilikuwa rafuni nyuma ya mkewe. Akanyoosha mkono juu ya bega lake, na macho yakateremka yenyewe kwenye ukurasa.

Aliona pampu.

Pampu kabisa, imechorwa kwa ubavu, na mishale inayoonyesha maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Na mke anasoma. "'Kaeni,' akawaambia mpishi, 'kuta hazikimbii, chakula ndicho kinachopoa.'" Alipofika mwisho wa maneno hayo akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine, ukurasa wa mipira na nati, akaendelea bila kukwama.

Mkono wa Fundi ulibaki hewani na kopo la chumvi. Kitu cha kwanza alichokisikia ni hasira, tusimsafishe. Mtu mzima ameketi anadanganywa jikoni kwake mwenyewe, halafu asubuhi anakwenda kuusambaza uongo huo kazini. Lakini hasira haikupata pa kukaa. Akamtazama mkewe jinsi alivyoelekeza uso kwenye ukurasa, kidevu juu kidogo, macho yamepita juu ya karatasi na kutua mahali pasipo na kitu. Akakumbuka mawe kwenye maharage ya juzi, wakati mke ndiye aliyeyachambua. Akakumbuka kikombe kilichowekwa ukingoni mwa meza kikaanguka, na mke akamsingizia paka ambaye hawana.

Alitia chumvi kwenye supu. Halafu, kwa kutojua anachofanya, akatia tena. Walipokaa mezani supu ilikuwa haimezeki. Mke akanywa kijiko, akanywa kingine, akamaliza. Fundi naye akanywa yake yote. Walikunywa maji mengi sana jioni ile, kila mmoja na siri yake.

"Haya kaka, mpishi kafanyaje?" Gundi aliuliza asubuhi.

Fundi alimsimulia yote, mpishi na mwiko, kisha akamsimulia pampu. Gundi alikuwa amejaza pini mdomoni. Akazitema kiganjani moja moja, akafikiri.

"Kwa hiyo mkeo haoni."

"Haoni herufi. Sura yangu sijui anaionaje."

"Hiyo si hasara kubwa," alisema Gundi, kisha akaona uso wa Fundi akaacha utani. "Mpeleke hospitali, kaka. Hayo ni mambo ya hospitali. Ila nikuulize kitu, yule mpishi yumo kitabuni kweli au katungwa?"

"Yumo," alisema Fundi bila kusita. "Atakuwa ameanza kubuni juzijuzi tu. Mtu kama yule huwezi kumtoa kichwani."

Jioni hiyo alichemsha maharage, makusudi, kwa sababu maharage yanachukua muda wake na hayadai usimame juu yake. Mke akaingia, akavuta kiti, mkono ukapapasa rafu, ukagusa mahameli. Fundi akaushika mkono huo kabla haujatoka na kitabu.

"Bibie, leo usisome. Kaa tuongee."

"Umekikinai?"

"Ulichosoma jana ni kitabu cha pampu."

Mke hakubisha. Aliketi taratibu, akaipapasa nguo yake magotini kama anayefuta makombo. Sufuria ikaendelea kuchemka.

"Tangu lini?" akauliza Fundi.

"Yalianza kama moshi," alisema mke. "Nikasema ni miwani. Nikaifuta, nikaifuta mpaka nikaichoka. Halafu herufi zikaanza kuingiliana. Siku moja nikafungua nikakuta ukurasa mweupe kama sahani, na wewe umeshakatakata vitunguu, unanisubiri. Ningefanyaje? Nikaendelea."

"Ungesema."

"Ningesema, halafu iweje? Unipeleke kupasuliwa jicho? Mama yangu aliingia kupasuliwa akiona kidogo, akatoka haoni hata hicho kidogo. Nilimshika mkono mpaka alipofariki." Kisha akasema lile lililokuwa chini ya yote. "Na pia nilijua nikifunga kitabu, utafungua redio."

Fundi angetaka kusema si kweli, lakini alizikumbuka jioni zile za viazi na mpira, na aliona aibu. Alimwambia tu kwamba lazima waende hospitali. Mke akasema haendi. Akasema haendi kwa ile sauti ya matroni ambayo wasichana mia walikuwa wakiitii, na maharage yakaliwa bila hadithi.

Asubuhi Fundi aliichukua redio na koti lake, akaibana chini ya kwapa, akaenda nayo karakana. Akaigongomea juu ya rafu ya sponji kwa misumari minne mirefu, ile ya fremu za mbao. Gundi akamuuliza kama anaogopa itakimbia. Aliporudi nyumbani, kabla ya salamu, alimshika mkewe mkono akaupeleka mahali redio ilipokuwa ikikaa. Mke akapapasa. Akapapasa tena, mpaka ukutani.

"Iko wapi?"

"Imehama. Haina kwao hapa tena. Ukiona au usione, ukisoma au usisome, mimi jikoni hii sina mtu mwingine wa kuongea naye ila wewe. Sasa tukafuate macho yako, na kama daktari atasema hapana, tutarudi, nitapika, utakaa pale pale."

Mke aliuacha mkono wake pale kwenye nafasi tupu. Kisha akasema kwamba kama ni kwenda, basi waende asubuhi na mapema, maana yeye foleni haziwezi.

Daktari alimulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba siku hizi ni kazi ya kawaida, atazame tu jinsi watu wanavyoingia na kutoka. Mke akauliza maswali mengi, mengine akayarudia kwa kupindisha ili aone kama daktari atajikanyaga. Daktari hakujikanyaga. Wakapangiwa zamu, na zamu ilikuwa mbele kidogo, ikabidi wasubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikokuwa kazi. Mke alikataa kabisa kuendelea kubuni. "Nilikuwa nakudanganya ukiwa hujui," alisema. "Sasa unajua. Nitakutazama kwa uso gani?" Jikoni kukawa na kimya, na mke akawa anakisikiliza kimya kile kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni asiyemtaka. Fundi akaona hapana. Akapiga moyo konde, akachukua kitabu ili asome yeye.

Tuseme ukweli, Fundi alisoma shule akaimaliza, lakini kusoma kwa sauti ni jambo lingine. Alikwenda neno kwa neno, akirudi nyuma, akiruka, akimeza. Na hakutaka kuigusa hadithi ya Mama Wageni. "Ile inakusubiri wewe," alisema. "Tuliacha watu wamekaa mezani, hawawezi kuendelea kula bila mwenyeji." Kwa hiyo akasoma pampu. Akasoma kwa heshima zote. "Hakikisha. Bomba. Limejaa maji. Kabla ya. Kuwasha." Akashusha pumzi. "Usiweke kidole. Mahali. Pasipotakiwa kidole."

"Ni nani huyo anayeweka kidole?" aliuliza mke.

"Hawajasema. Nadhani ni shemeji."

Mke akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Fundi naye akacheka, na katikati ya kicheko hicho mke akainua pua. "Fundi, vitunguu." Vilikuwa vimeungua vyeusi. Mke akainuka, akamsogeza kwa kiwiko, akaanza upya kwa kupapasa na kunusa, na kusema kweli mchuzi wa siku ile ulikuwa mtamu kuliko wa mpishi yeyote aliyewahi kuandikwa. Basi wakabadilishana hivyo mpaka zamu ilipofika. Mke anakanda unga, anaonja, anasikiliza mafuta. Fundi anasoma sura ya matengenezo.

Siku ya jicho la kwanza Fundi alikaa kwenye benchi la hospitali, roho mkononi. Benchi lilikuwa limechanika sponji likachungulia, akashindwa hata kulionea huruma, ndipo ujue hali yake. Waliporudi kufunguliwa bandeji, daktari aliivua taratibu, na mke akapepesa, akapepesa, akamtazama Fundi usoni kwa muda ambao kwa Fundi ulikuwa mwaka.

"Kumbe hizo mvi zote ni zako?"

"Zimeota ukiwa unasoma pampu," alisema Fundi, na ikabidi atoke nje kidogo akafute uso.

Nyumbani mke aliingia jikoni, akatazama ukuta nyuma ya jiko, akauliza kama hapa ni kwa mtu anayeishi au ni gereji. Fundi alisugua ukuta siku mbili. Jicho la pili likafuata. Na jioni ya kwanza ambayo daktari alimruhusu kusoma, Fundi aliweka viazi na kipande cha nyama motoni, akakata vitunguu, akamsubiri.

Mke akakitoa kitabu cha mahameli, chenyewe safari hii, akakifungua pale palipokuwa na utepe wa reksini. Akasoma. Mama Wageni akalia. Shemeji akatisha. Jioni ya pili akalia tena, shemeji akaleta wakili. Kitabu kilikuwa kimeandikwa vizuri, hatukatai, na sauti ilikuwa ile ile, ila Fundi alikuwa na haraka ya kitu. Kila mlango wa nyumba ya wageni ulipobishwa, mwiko wake ulisimama. Akaingia mfanyabiashara. Akaingia mtu wa posta. Akaingia paka. Karakana, Gundi alikuwa ameanza kulalamika kwamba hadithi imechacha.

Walifika mwisho siku ya supu ya mifupa. Nyumba iliuzwa. Mama Wageni alifunga sanduku lake, akakabidhi funguo, akatembea barabarani peke yake, na maneno yakaishia hapo. Mke akageuza ukurasa wa mwisho, kulikuwa kweupe.

"Na mpishi?" aliuliza Fundi.

Mke hakuinua kichwa. "Hayumo."

"Ameondoka sura gani? Mbona hukuisoma?"

"Hayumo, Fundi. Hakuwamo tangu mwanzo. Pale alipobisha hodi na sufuria yake, mimi nilikuwa nimekwisha acha kuona." Akapitisha kidole kwenye mahameli. "Nilihitaji mtu wa kumweka pale jikoni. Nikamweka ninayemfahamu."

Fundi alisimama na mwiko mkononi. Alimfikiria yule mtu aliyezungumza na vitunguu, aliyeonja mara tatu kitu kilichokwisha kuiva, aliyejua kuweka bakuli na kunyamaza, na jinsi alivyompenda asubuhi zote zile bila kujua anampenda nani.

Kisha akapunguza moto chini ya supu, akavuta kiti kingine, akakaa mbele ya mkewe goti kwa goti.

"Funga kitabu," alisema.

Mke akamtazama. Alikuwa anamwona vizuri sasa, mvi na yote.

"Funga kitabu, bibie. Yule mpishi tulimwacha amewaambia watu wakae, chakula kinapoa. Endelea."

Mke akakifunga, akakiweka mapajani. Akalamba kidole kwa mazoea, akakumbuka hakuna ukurasa wa kufungua, akacheka kidogo. Kisha akaendelea.